Jinsi ya kusitisha uanachama wa jimu au programu ya mazoezi, na haki zako wanapogoma

Kuacha kulipa si kusitisha uanachama. Watu wengi huingia hasara kwa kuchanganya mambo haya mawili. Mtu anachoka na jimu, anafunga kadi ya benki, anafuta programu kwenye simu, anaona yamekwisha. Miezi minne baadaye anapigiwa simu na mkusanya madeni akidaiwa ada ya miezi yote minne na faini juu yake. Na mara nyingi mkusanya madeni huyo ana hoja mbele ya sheria. Mkataba unaisha pale notisi yako inapomfikia aliyeingia nao mkataba, kwa njia na muda mliokubaliana, nawe ukabaki na ushahidi mkononi. Kwa hiyo shughulikia mkataba kwanza. Pesa uzizuie baadaye.

Jua kwanza umefungwa na nani

Fungua taarifa ya benki au ya kadi ya miezi mitatu iliyopita, utafute jina linaloonekana kwenye kila makato. Jina hilo ndilo linalokuonyesha mlango wa kubisha.

Ukiona jina la jimu yenyewe, mkataba wako ni wa moja kwa moja na notisi inakwenda kwao. Ukiona jina la kampuni usiyoijua, huenda ni kampuni inayokusanya ada kwa niaba ya majimu. Hapo peleka notisi mbili, moja kwa jimu na moja kwa mkusanyaji, maana mara nyingi wa kaunta hamwambii wa makusanyo. Ukiona Apple au Google, ulijiandikisha kupitia duka la programu la simu, na hata ukiwaandikia kampuni ya mazoezi barua kumi, hawana uwezo wa kuzuia makato hayo. Na kama ada inakatwa kwenye mshahara au inalipwa kupitia bima, mkataba huenda upo kwa jina la mwajiri au la kampuni ya bima. Anza kwa afisa rasilimali watu au wakala wa bima.

Soma mkataba ukiwa na kalamu

Kama nakala huna, iombe kwa barua pepe leo hii. Usisubiri uipate ndipo uandike notisi. Fanya yote mawili kwa pamoja, saa inazidi kukimbia. Ukiwa nayo, pigia mstari mambo matano: tarehe ulipojiunga, muda wa lazima (miezi 6, 12 au 24), urefu wa notisi, njia ya kutoa notisi inayokubalika, na kinachotokea muda wa lazima ukiisha. Hilo la mwisho ndilo mtego mkubwa. Mikataba mingi hujirudia yenyewe, na mingine hujirudia kwa mwaka mzima mwingine usipotoa notisi kabla ya tarehe fulani.

Hesabu ya notisi inastahili dakika tano za utulivu. Chukua mkataba unaokata ada tarehe 5 ya kila mwezi, wenye notisi ya siku 30. Ukitoa notisi tarehe 5 Machi, siku ya kwanza ni tarehe 6 na siku ya thelathini ni tarehe 4 Aprili. Makato ya tarehe 5 Aprili hayakuhusu tena. Ukichelewa siku moja tu, ukatoa notisi tarehe 6 Machi, siku ya thelathini inaangukia tarehe 5 Aprili, siku ile ile ya makato, na jimu itadai ada ya mwezi mzima. Siku moja imekula mwezi. Ndiyo maana ni busara kutuma notisi wiki moja kabla ya siku inayohitajika, hasa kama mkataba unasema notisi huhesabiwa tangu siku ilipopokelewa, si siku ilipotumwa.

Kama umeshapitwa na tarehe, soma kama mkataba unaruhusu kutozwa kwa siku ulizotumia tu katika mwezi wa mwisho. Kama haukusema, omba. Wapo wanaokubali.

Bado uko ndani ya siku za kughairi?

Kama ulijiunga wiki hii au wiki iliyopita, usihangaike na vipengele vya notisi. Nchi nyingi humpa mteja siku chache za kubadili mawazo bila kueleza sababu. Katika Umoja wa Ulaya na Uingereza, mkataba uliofanywa kwa intaneti, kwa simu au nje ya ofisi za muuzaji unaweza kughairiwa ndani ya siku 14. Katika jimbo la New York, Marekani, mkataba wa jimu una siku 3 za kazi. California ina siku 5 za kazi. Afrika Kusini inatoa siku 5 za kazi kwa mkataba uliotokana na mauzo ya kukufuata, kama vile kupigiwa simu au kutumiwa ujumbe wa kukushawishi.

Angalia mambo mawili hapa. Siku 14 za Ulaya kwa kawaida hazimhusu aliyetembea mwenyewe hadi kwenye jimu akasaini kaunta. Na kama uliomba huduma ianze mara moja ukaenda kufanya mazoezi siku nne kisha ukaghairi, jimu inaweza kukutoza sehemu ya siku hizo nne. Inachoweza kukutoza ni sehemu hiyo, si mwezi mzima.

Bado umefungwa na muda wa lazima: sababu zinazokutoa mapema

Hapa ndipo watu hukata tamaa mapema mno. Wakiambiwa na wa mapokezi kwamba "mkataba ni miezi kumi na miwili", wanaondoka. Kuna sababu kadhaa zinazofungua mlango, na nguvu zake hazilingani.

Yenye nguvu kuliko zote ni huduma kubadilika. Ulijiunga kwa sababu ya bwawa la kuogelea, bwawa likafungwa miezi miwili. Saa za kufungua zimepunguzwa, madarasa uliyoahidiwa yameondolewa, jimu imehamia upande wa pili wa mji. Ada ikipandishwa katikati ya muda wa lazima, hoja ni ile ile. Katika hali hizi aliyevunja makubaliano ni wao. Piga picha za bwawa lililofungwa au tangazo la saa mpya, uhakikishe tarehe inaonekana, na uhifadhi tangazo la zamani lililokuvutia kujiunga.

Ugonjwa au jeraha linalokuzuia kufanya mazoezi hukubaliwa na mikataba mingi ukiwa na barua ya daktari. Barua hiyo haihitaji kutaja ugonjwa wako. Inatosha kusema kwamba kwa ushauri wa kitabibu huwezi kufanya mazoezi kuanzia tarehe fulani, kwa muda gani. Kama jimu inadai kuona vipimo au majibu ya maabara, kataa kwa upole. Jihadhari pia na neno "kusimamisha kwa muda": mara nyingi watakupa hilo badala ya kusitisha, na miezi unayosimamisha huongezwa mwishoni mwa mkataba, kwa hiyo deni linabaki pale pale, limesogezwa tu.

Kuhama ni sababu nyingine. Sheria ya New York, kwa mfano, inamruhusu mwanachama kuvunja mkataba akihamia zaidi ya maili 25, yaani kilomita 40 hivi, kutoka kwenye jimu yoyote ya kampuni hiyo. Kwingineko inategemea mkataba, lakini usisite kuambatisha mkataba mpya wa nyumba au barua ya mwajiri.

Kisha kuna masharti yenyewe kuwa ya uonevu. Mwaka 2011 Mahakama Kuu ya Uingereza iliamua kesi ya mikataba ya majimu ikaona kwamba kumfunga mteja kwa zaidi ya miezi 12 si haki katika mikataba ya aina ile. Sababu yake inafaa kukumbukwa: mtu wa kawaida anapojiunga hukadiria kupita kiasi ni mara ngapi atakwenda, na biashara ilikuwa inajenga faida juu ya kosa hilo la kibinadamu. Afrika Kusini, sheria ya ulinzi wa mlaji ya mwaka 2008 inamruhusu mlaji kuvunja mkataba wa muda maalumu kwa notisi ya siku 20 za kazi. Muuzaji anaweza kutoza gharama ya kuvunja, ila iwe ya kuridhisha. Ujerumani, kwa mikataba iliyofungwa tangu Machi 2022, muda wa kwanza ukishaisha mteja anaweza kujitoa wakati wowote kwa notisi ya mwezi mmoja. Mtindo wa kumfunga mwaka mwingine kimyakimya umekufa. Tangu Julai mwaka huo huo, tovuti inayouza mikataba ya namna hii huko inalazimika kuwa na kitufe cha kusitishia.

Ukisoma habari za Marekani mtandaoni, angalia tarehe yake. Kanuni ya shirikisho iliyopitishwa Oktoba 2024 ya kulazimisha kujitoa kuwe rahisi kama kujiunga ilibatilishwa na mahakama ya rufaa Julai 2025. Kinachobaki ni sheria ya mwaka 2010 inayohusu mauzo ya mtandaoni, ambayo inadai njia rahisi ya kuzuia makato yanayojirudia, pamoja na sheria za kila jimbo, na nyingi za majimbo hayo ni kali.

Andika notisi

Barua iwe fupi. Usieleze maisha yako, usiombe ruhusa. Neno "naomba" ndilo linalowapa nafasi ya kukujibu "ombi lako linashughulikiwa" hadi makato mengine yapite. Unatoa taarifa, huombi. Mfano:

*Meneja,*
*[Jina la jimu na anwani iliyo kwenye mkataba]*

*YAH: NOTISI YA KUSITISHA UANACHAMA NAMBA ______*

*Husika na kichwa cha habari hapo juu.*

*Mimi, [majina kamili kama yalivyo kwenye mkataba], natoa notisi ya siku 30 kwa mujibu wa kifungu cha __ cha mkataba wetu wa tarehe ______. Uanachama wangu utakoma tarehe ______.*

*Makato ya mwisho ninayoyatambua ni ya tarehe ______. Kuanzia hapo naondoa idhini yangu ya kukatwa fedha kwenye akaunti au kadi yangu.*

*Tafadhali thibitisheni kwa maandishi ndani ya siku 7 kwamba mmepokea notisi hii, tarehe ya mwisho ya uanachama, na kwamba sidaiwi.*

*[Jina, sahihi, tarehe, simu, barua pepe]*

Kama unatoka mapema kwa sababu maalumu, ongeza sentensi moja tu baada ya namba ya kifungu: "Sababu ni kufungwa kwa bwawa tangu tarehe fulani, kama picha zilizoambatishwa zinavyoonyesha." Basi.

Kuhusu njia ya kutuma, fuata mkataba hata kama unakukera. Ukisema barua ya rejista, peleka barua ya rejista, utunze stakabadhi ya posta. Ukisema fomu ya kaunta, jaza fomu, lakini siku hiyo hiyo tuma pia barua pepe yenye maneno yale yale. Ukipeleka kwa mkono, nenda na nakala mbili. Moja unaacha, nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa na iandikwe tarehe na jina la aliyepokea. Wakikataa kugonga muhuri, piga picha barua ikiwa juu ya kaunta yao, kisha utume kwa rejista. Kwenye tovuti, piga picha ya skrini ya kila hatua, na ile ya mwisho yenye namba ya kumbukumbu uitume kwenye barua pepe yako mwenyewe ili ibaki na tarehe.

Mazungumzo ya kaunta na ya simu

Utakutana na mtu mwenye maneno matamu ambaye kazi yake ni kukubakiza. Atakupa mwezi mmoja wa bure. Kabla hujaitikia, uliza: "Nikichukua ofa hii, muda wa lazima unaanza upya?" Mara nyingi jibu ni ndiyo, na mwezi wa bure unakuletea kifungo cha mwaka.

Mazungumzo yanayofanya kazi huwa hivi:

"Dada, mfumo hauniruhusu kusitisha, mpaka meneja awepo."

"Sawa kaka, sina ugomvi na wewe. Ninachohitaji ni upokee notisi hii na uandike umeipokea leo. Meneja ataishughulikia akirudi."

Kupokea na kukubali ni vitu viwili tofauti. Wewe unahitaji kupokea tu, na kupokea hakuhitaji ruhusa ya meneja wala ya mfumo. Kama ni simu, mwambie mwanzoni jina lako, uulize la kwake, uandike saa, kisha ukikata simu tuma barua pepe: "Kama tulivyozungumza leo saa nne asubuhi..." Barua pepe hiyo ndiyo ushahidi, kwa sababu wasipoipinga, imebaki kwenye kumbukumbu.

Programu za mazoezi kwenye simu

Kufuta programu hakusitishi chochote. Kwenye iPhone, ingia Mipangilio, gusa jina lako juu kabisa, kisha sehemu ya usajili. Chagua programu husika, gusa kitufe cha kusitisha. Kwenye simu za Android, fungua Google Play, gusa picha ya wasifu wako, ingia sehemu ya malipo na usajili, kisha usajili, uchague na kusitisha. Ukiwa na akaunti zaidi ya moja za barua pepe, hakikisha uko kwenye ile uliyonunulia. Wengi huona orodha tupu wakadhani wameshajitoa, kumbe wapo kwenye akaunti nyingine.

Majaribio ya bure yasitishe angalau saa 24 kabla hayajaisha, hilo ni sharti la Apple na ni tabia nzuri kwa kila programu. Ukisitisha kipindi ulichokwishalipia, kwa kawaida unaendelea kutumia hadi kiishe, kwa hiyo hakuna sababu ya kungoja siku ya mwisho. Kama pesa imeshakatwa, omba irejeshwe kwa Apple au Google wenyewe kupitia ukurasa wao wa maombi, na uombe mapema: siku mbili baada ya makato una hoja kuliko miezi miwili baadaye.

Kama ulijiunga kwenye tovuti ya programu kwa kadi yako, basi dukani hutauona usajili huo kabisa. Ingia kwenye tovuti kwa kivinjari, kwenye akaunti yako, sehemu ya malipo. Programu yenyewe mara nyingi haina kitufe hicho.

Sasa zuia pesa

Notisi ikishapokelewa na tarehe ya makato ya mwisho ikapita, nenda benki. Taja aina ya makato, maana kila moja ina kanuni zake.

Makato ya moja kwa moja kwenye akaunti hufutwa kwa kuiagiza benki. Katika nchi za Ulaya zinazotumia SEPA, yaani mfumo wa pamoja wa malipo ya euro, makato uliyoyaidhinisha unaweza kudai yarudishwe ndani ya wiki 8 bila kutoa sababu, na yale ambayo hukuyaidhinisha hadi miezi 13. Uingereza, benki inalazimika kurudisha mara moja makato yaliyofanywa kimakosa. Marekani, mpe taarifa benki angalau siku 3 za kazi kabla ya makato, na uwe tayari kuthibitisha kwa maandishi ndani ya siku 14.

Kadi ni ngumu zaidi. Kubadilisha kadi hakusaidii sana, kwa sababu Visa na Mastercard zina huduma inayompelekea muuzaji namba mpya ya kadi yako kimyakimya. Iambie benki yako wazi: "Nimeondoa idhini kwa muuzaji huyu, zuieni makato yake." Makato yakipita tena, wasilisha pingamizi chini ya sababu ya malipo yanayojirudia yaliyositishwa, Visa na Mastercard zote zina kipengele maalumu cha jambo hilo. Muda wa kawaida ni siku 120, lakini benki nyingine huweka muda mfupi zaidi, kwa hiyo usikae nayo. Ambatisha notisi, uthibitisho wa kupokelewa na taarifa ya benki. Pingamizi lisilo na notisi hushindwa, kwa sababu jimu itajibu kwa kutoa mkataba wenye sahihi yako.

Kudai ulicholipa mbele

Aliyelipa mwaka mzima akatoka katikati kwa sababu halali anastahili sehemu iliyobaki, na jinsi ya kuihesabu ndipo ugomvi ulipo. Tuseme ulilipa 1,200 kwa miezi 12 na umetumia 5. Hesabu ya moja kwa moja ni 100 kwa mwezi, imebaki miezi 7, unarudishiwa 700. Jimu itajaribu kuhesabu miezi 5 kwa bei ya anayelipa kila mwezi, tuseme 130, hivyo umetumia 650 na unapata 550. Kama unatoka kwa hiari yako na mkataba umesema hivyo, hesabu yao inasimama. Kama kosa ni lao, kwa mfano wamefunga ukumbi, sisitiza 700: punguzo ulilipata kwa kulipa mbele, na wewe ulitimiza upande wako.

Jimu ikitangaza kufilisika, mambo hubadilika. Waliolipa mbele huingia kwenye foleni ya wadai, nyuma ya wenye dhamana kama mabenki. Aliyelipa kwa kadi awahi kuwasilisha pingamizi la huduma isiyotolewa. Hiyo ndiyo njia ya haraka kuliko kusubiri mfilisi.

Wakigoma

Wape siku 14 kwa barua ya mwisho inayotaja kiasi unachodai na hatua inayofuata. Kisha peleka malalamiko kwa mamlaka ya ulinzi wa mlaji au ya ushindani wa biashara ya nchi yako, ukiambatisha nyaraka zote zikiwa zimepangwa kwa tarehe. Mahakama ya madai madogo ni njia inayopuuzwa. Katika nchi nyingi si lazima uwe na wakili, na biashara nyingi hulipa zikishapokea wito tu, maana kutuma mtu mahakamani kunawagharimu zaidi ya deni lenyewe.

Mkusanya madeni akijitokeza, usilipe "kidogo tu ili waniache". Katika sheria za nchi nyingi malipo ya sehemu yanaweza kusomeka kama kukiri deni lote. Mjibu kwa maandishi mara moja: deni linapingwa, uanachama ulikoma tarehe fulani, notisi imeambatishwa, aonyeshe mkataba na hesabu. Kama ameshapeleka jina lako kwenye taasisi za taarifa za mikopo, waandikie taasisi hizo moja kwa moja upinge kumbukumbu hiyo kwa nyaraka zile zile.

Kabla hujafunga faili

Rudisha kadi ya kuingilia na ufunguo wa kabati, uchukue risiti. Amana ya ufunguo husahaulika sana. Kama jimu ilikuwa inatumia alama za vidole au sura, idai kwa maandishi ifute taarifa hizo. Chini ya sheria ya Ulaya ya ulinzi wa taarifa binafsi, inayotumika tangu 2018, una haki ya kudai hivyo, na nchi nyingine nyingi zina sheria zinazofanana nayo. Kagua taarifa ya benki kwa miezi mitatu mfululizo, kwa kuwa makato "yaliyosahaulika" hupenda kurudi mwezi wa pili au wa tatu. Barua ya uthibitisho ihifadhi kwa miaka ile ambayo sheria ya kwenu inaruhusu mtu kudai deni la mkataba. Uingereza ni miaka 6, Kenya pia ni 6.